Maradhi Tuliyoyaita Mgongo

Kimumu, Eldoret
9 Septemba 2024

Dada yangu mpendwa Rukia,

Amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yako na juu ya wote wanaoamka katika nyumba hiyo ya Moyale. Huku mvua haijaisha, na mahindi ya majirani yamerefuka kupita ua. Ruwayda ameingia mwaka wa tatu chuoni Chepkoilel, na tayari anatusahihisha sisi wazazi wake mezani kana kwamba ndiye aliyetuajiri. Mama yake anakusalimu na kukushukuru kwa shuka. Msikiti wetu mdogo wa nyuma ya maduka umepakwa rangi upya, na waumini bado wananivumilia niwaongoze, huu ukiwa mwaka wa kumi na nne.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu yangu, abaayo, dada yangu, ni mali ya umma. Ruwayda huirekebisha, mama yake huijibu, na dukani hulala juu ya meza ambapo kila mteja huisoma akisubiri kufungiwa mzigo. Yapo mambo ninayotaka yapite mkononi mwa Bilal dereva peke yake, naye hasomi bila miwani, na miwani yake ilivunjika tangu Idi.

Mgongo unanisumbua. Si jambo kubwa. Nikitoka Burnt Forest na lori la viazi, huegemea upande huu, kisha upande ule, hata Bilal akaniuliza kama kiti kimeota misumari. Nakumbuka marehemu Baba alipougua mgongo mlimchemshia magome ya mti fulani. Nitumie magome hayo, na uniandikie kipimo chake. Na uniombee.

Ndugu yako,
Osman


Moyale
1 Oktoba 2024

Walaal, ndugu yangu Osman,

Nimepokea barua yako nikiwa darasani, nami nimeificha ndani ya daftari la mahudhurio kama msichana aliyeandikiwa na mchumba. Sote tu wazima. Mwanangu Sumeya amepona homa. Mdogo wetu Bashir anaendelea na mkahawa wake, ingawa siku hizi amekuwa mtu wa kusimama: chai anakunywa wima, chakula anakula wima, na ukimkaribisha kiti anakujibu kwamba kukaa ni uvivu. Wateja wanamcheka naye anacheka nao.

Magome sitatuma. Usiniulize sababu.

Nitakuuliza mimi. Nimefundisha miaka ishirini na sita, nimeona migongo ya kila namna ikidaiwa siku ya mtihani. Ni mgongo gani unaomuuma mtu anapoketi na kumwachilia anaposimama? Je, kuna damu? Nijibu kwa neno moja.

Dada yako,
Rukia


Kimumu, Eldoret
4 Novemba 2024

Dada yangu,

Nawasalimu wote, hasa Sumeya. Mahindi yamevunwa, na vumbi limeanza kurudi dukani. Ruwayda amefaulu mitihani yake na hajatuonea huruma.

Umetaka neno moja. Neno lenyewe ni ndiyo.

Damu nimeiona tangu Desemba iliyopita. Nilijiambia ni bawasiri, maradhi ya kila mtu anayeketi dukani kutwa. Nikaenda kwa Angeline, mama wa duka la dawa, nikamwambia dawa ni ya mpakizi wangu, Kiptoo. Kwa miezi tisa, dada, nilinunua dawa ya Kiptoo. Kisha siku moja Kiptoo, mwanamume mwenye watoto watatu, akanifuata stoo akiwa amekasirika: "Mzee, kwani nimefanya nini? Yule mama wa kemisti kila akiniona ananipa pole. Ananiambia nikule mboga! Jana amenikemea mbele ya watu eti nisibebe gunia." Nilicheka pamoja naye. Nimemvika mtu asiye na kosa aibu yangu, kisha nikasimama hapo nikacheka.

Mwezi wa tisa ulipokaribia kwisha, zilipita siku nne choo kisitoke kabisa. Ndipo nikaenda hospitali kubwa. Walinipiga picha, wakachukua kinyama, wakakipeleka Nairobi kichunguzwe. Siku ya majibu nilifungua mlango wa daktari wa upasuaji nikakuta ni mwanamke, Daktari Leonida Aketch. Nikaufunga tena. Nilimwambia muuguzi, anaitwa Gideon, kwamba nitamngoja daktari mwanamume.

"Mzee," akaniambia, "kwa hiyo kazi, wanaume wenyewe ndio humletea wagonjwa. Unaweza kungoja. Lakini utangoja na huo uvimbe wako."

Nikaingia. Niliketi upande mmoja, macho yangu nikayaelekeza ukutani, na yeye akanieleza bila haraka. Si saratani ile ya utumbo ambayo watu wanaijua. Huu ni uvimbe wa tishu laini, umeota ndani ya ukuta wa utumbo, mahali ambapo kalamu yangu haitapaandika. Mahali hapo ni nadra mno kwake. Katika kazi yake yote ameuona mara nne. Wangu una sentimita tisa. Akiukata leo, ataondoa pamoja nao msuli unaoifunga njia, ataishona njia yenyewe, na haja yangu itatokea tumboni, katika mfuko, maisha yangu yote. Lakini ipo dawa, kidonge kimoja kwa siku, inayoweza kuusinyaza. Nikiimeza miezi mitano au sita bila kukosa, na uvimbe ukaachana na msuli, ataweza kuutoa peke yake, nami nitabaki kama nilivyoumbwa.

Vidonge viko kabatini, nyuma ya vitabu. Sijaanza. Mtu aliyebeba najisi tumboni atasimamaje mbele ya safu? Naona ni heri nife nikiwa na udhu wangu.

Osman


Moyale
28 Novemba 2024

Ndugu yangu, mwana wa mama yangu,

Salamu nitazifupisha, nawe utanisamehe. Tu wazima. Mbuzi wawili wamezaa.

Anza vidonge siku utakayopokea karatasi hii. Si kesho yake.

Unamwonea haya Daktari Aketch? Mimi nilikuogesha mpaka ukawa na miaka sita, na ulikuwa ukipiga kelele kwamba sabuni inakuua. Hukufa. Mwanamke huyo amesoma miaka mingi ili akuangalie mahali hapo bila kukuona wewe.

Kuhusu udhu, nitakukumbusha jambo. Mama alipozeeka na mkojo ukawa unamtoka bila hiari, alikaa mkekani siku tatu bila kuswali, akilia. Wewe ulisafiri siku mbili, ukaketi mbele yake na kitabu mapajani. Ulisema, "Mama, mwenye udhuru wa kudumu hutawadha kila wakati wa swala unapoingia, akaswali, na kinachomtoka hakimharibii." Akauliza, "Na itapokelewa?" Ukamjibu, "Mama, kabla ya yangu."

Aliswali miaka sita kwa maneno yako, mpaka siku aliyokufa. Nataka kujua, Osman: ulikuwa unamdanganya?

Rukia


Kimumu, Eldoret
10 Februari 2025

Dada yangu,

Salamu nyingi, na hongera kwa uchumba wa Sumeya. Ruwayda anauliza kama kijana huyo anajua kupika, na mama yake amemwambia anyamaze.

Sikumdanganya Mama. Lakini Mama hakuwa akisimama mbele ya watu.

Hata hivyo, nilikutii. Kidonge nimekimeza kila siku tangu tarehe sita Desemba, na wiki iliyopita wamenipiga picha upya. Sentimita tisa zimekuwa sita. Daktari Aketch alinionyesha kwenye kioo cha mashine, akapitisha kidole pembeni ya kivuli na kusema, "Mzee, hapa palikuwa pameshikana na msuli. Sasa angalia, pameanza kupitisha mwanga." Nilimshukuru nikiwa namtazama usoni, kwa mara ya kwanza.

Upasuaji, ule mdogo, umepangwa mwanzo wa Mei. Kuhusu Ramadhani amesema hakuna tatizo: nimeze wakati wa kufuturu, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji.

Udhia uliopo ni kwamba kidonge kinanivimbisha macho na kuniharakisha chooni. Msikitini wanasema imamu ananenepa kwa pilau za watu. Mzee mmoja amenishika shavu akaniuliza kama nimepigwa na mke wangu. Nacheka nao. Si kitu.

Osman


Moyale
24 Machi 2025

Osman,

Ramadhani yetu inakwenda vizuri, na upepo umekuwa mkali. Bashir bado anasimama, hata wakati wa kufuturu.

Bilal amefika juzi. Tulimwuliza habari zako mbele ya watu, naye akasema kwa furaha, "Mzee amerudi sura yake! Macho yake yako sawa kabisa, ule uvimbe wa uso umeisha, na anaswalisha tarawehe kila siku kama kijana." Nyumba nzima ilishukuru. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji.

Kwa nini uso wako umerudi?

Rukia


Wodi ya upasuaji, Eldoret
16 Aprili 2025

Dada yangu,

Bado nina uhai, na wote nyumbani ni wazima. Nisamehe mwandiko, nimelala ubavu.

Uliuliza, nami sikujibu, kwa sababu ulikwisha kujua. Vidonge niliviacha siku ya kwanza ya Ramadhani. Vilinitapisha, vilinitoa safuni kutawadha mara mbili, mara tatu, na watu walianza kunitazama. Nilijiambia kwamba kama Mei itaniharibia, basi nipewe Ramadhani moja ya mwisho nikiwa nimesimama mbele kama mtu mzima. Nilinuia kurudia vidonge baada ya Idi. Idi ikapita nikangoja wiki nyingine, kwa kuwa wageni walikuwa wengi.

Ijumaa iliyopita nilipanda mimbari. Baada ya hotuba ya kwanza niliketi, kama ilivyo desturi, na nilipotaka kuinuka kwa ya pili nilihisi joto likishuka miguuni. Nilikuwa na joho jeusi, hivyo hakuna aliyeona. Niliwaambia mgongo umenishika. Walinibeba, dada, wanaume sita wa msikiti wangu, wakihimizana, "Polepole na mgongo wake!" Hata hapo nilidanganya, nao wakaniamini.

Wameniongezea damu chupa nne. Daktari Aketch alikuja kitandani, akaniuliza niliacha lini. Nilimwambia. Akahesabu: "Siku arobaini." Hakunikaripia. Uvimbe umekua, umeushika msuli tena, na umepasuka kwa ndani. Hakuna muda wa kurudi kwenye vidonge na kungoja usinyae, kwani ukivuja tena huenda nisifike hospitali. Uliobaki ni ule upasuaji mkubwa. Tarehe sita Mei, Jumanne. Puto la tumaini langu nimelitoboa kwa mkono wangu mwenyewe.

Wameniletea fomu ya ridhaa. Nimekataa kutia sahihi. Ruwayda amekaa mlangoni, kalamu ya fomu mkononi.

Watu wa Moyale waambie ni mgongo.

Osman


Moyale
23 Aprili 2025

Osman, walaal,

Barua hii inakuja kwa basi. Siwezi kumngoja Bilal.

Sitawaambia watu wa Moyale ni mgongo. Nilikwisha kuwaambia hivyo mara moja, nikiwa na miaka kumi na tisa, na sitarudia.

Baba hakuwa na mgongo. Ilikuwa damu. Wewe ulikuwa shuleni Eldoret, Bashir alikuwa mtoto. Mimi ndiye niliyefua nguo zake kwa mwaka mzima, mbali kabisa na kisima, ili wanawake wasione maji yakigeuka rangi. Siku aliyonikuta nikilia juu ya beseni, alinileta ndani, akaweka mkono wangu juu ya Msahafu na kuniapisha nisiseme kwa mtu yeyote. Magome yale yalikuwa maji machungu tu. Daktari alikuwapo, safari ya siku moja. Baba alisema afadhali kaburi kuliko kuvua nguo mbele ya mgeni. Kama yalikuwa maradhi yaleyale ya kwako sijui, wala hakuna atakayejua, kwa sababu hakuna aliyemtazama.

Nimekitunza kiapo hicho miaka thelathini na mmoja. Ulipoandika neno mgongo mwezi wa Septemba, nililikumbuka beseni lile, na bado nikakujibu kwa mzaha. Ningesema siku ile, pengine usingengoja, pengine usingeacha vidonge. Hilo nitalijibu mimi mbele ya Mungu. Leo nimekivunja kiapo, na kafara yake nimeanza kuitoa.

Sasa fikiri jambo moja. Ukifa na sahihi yako mfukoni, watakuosha nani? Wanaume walewale sita. Watakugeuza ubavu, watakuosha mahali hapo kwa mikono yao, na wataona. Unamficha nani, Osman, na kwa muda gani?

Jumamosi tarehe tatu Mei ukoo wote unakusanyika kwangu kumwombea Baba dua, kama kila mwaka. Sijui nitawaambia nini.

Rukia


Wodi ya upasuaji, Eldoret
30 Aprili 2025

Rukia, dada yangu. Karatasi hii isome kwa sauti Jumamosi, baada ya dua na kabla ya chakula. Usiruke neno.

Ndugu zangu mliokusanyika, wakubwa kwa wadogo, wanaume kwa wanawake,

Nawasalimu kutoka kitandani. Nimezoea kusema nanyi nikiwa nimesimama, nanyi mmezoea kunisikiliza mkidhani kwamba asemaye anatenda anayoyasema. Leo naomba mnisikilize kwa namna nyingine.

Siumwi mgongo. Nina uvimbe katika puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo, mahali panapotoka haja kubwa. Nimelitaja jina lake, na dari ya wodi haijaniangukia. Uvimbe huo ulipokuwa mdogo zaidi nilisema ni bawasiri ya mtu mwingine. Ulipokua nilisema ni mgongo. Nilipopewa dawa ya kuusinyaza, ikafanya kazi, niliiacha kwa siku arobaini ili mseme kwamba uso wangu umenawiri. Kwa siku hizo arobaini nimelipa mwili ambao Mungu aliniumba nao. Msinionee huruma kwa hilo; nawaeleza ili mlijue.

Jumanne daktari, mwanamke hodari kuliko wanaume wengi niliopata kuwaita mabingwa, ataliondoa puru pamoja na uvimbe na msuli wake, na njia ataifunga. Nikiamka nitakuwa na mfuko tumboni. Amenitahadharisha kwamba nimepoteza damu nyingi na kwamba pengine sitaamka. Naogopa. Naogopa kisu, naogopa mfuko, na usiku na mchana naogopa kwamba nimechelewa. Sina maneno mazuri ya kulifunika hilo.

Nilimfundisha Mama yetu kwamba mwenye udhuru hutawadha na kuswali. Nilimfundisha nikiwa mzima, na ilikuwa rahisi. Nikiamka nitatawadha na kuswali. Nitakakosimama, mbele au safu ya mwisho, si langu tena kuchagua.

Baba yetu tunayemwombea leo alikufa akitokwa na damu, na binti yake akaifua peke yake. Msimlaumu Baba, wala msimlaumu Rukia. Lakini kama yupo miongoni mwenu anayeona damu, anayeshindwa kukaa, anayenunua dawa kwa jina la mwingine, namwomba asitoke hapo kabla hajamwambia mtu mmoja.

Fomu nimeitia sahihi leo asubuhi. Ruwayda ndiye aliyenishikia kalamu isianguke.

Osman


Moyale
3 Mei 2025

Ndugu yangu,

Nimesoma. Sikuruka neno. Lile neno nililisoma, nikanywa maji, nikalirudia ili waliokaa nyuma walisikie. Hakuna aliyecheka. Wanaume walitazama mkeka, kisha wakaanza kukuombea bila kuambiwa, na chakula kikapoa.

Katikati ya kisomo mtu mmoja alitoka nje. Nilipomaliza nilimfuata, nikamkuta karibu na tangi la maji, mkono wake ukutani. Aliniambia, "Dada, mimi mwaka wa pili huu."

Barua hii haikuja na Bilal wala na basi. Aliyeiweka mkononi mwako ni Bashir, na amesafiri kutoka Moyale hadi Eldoret akiwa ameshikilia bomba la paa la lori, kwa sababu hawezi kukaa. Usimkaribishe kiti. Mwite Gideon, mwite Daktari Aketch, na kabla hawajakuingiza chumba cha upasuaji waambie wewe, kwa mdomo wako, ni wapi panapomuuma mdogo wako. Yeye bado hawezi kulitamka.

Kisha uende, Osman. Nasubiri simu, na nitaipokea mbele ya watu wote.

Dada yako,
Rukia